Maswali ya Wasomaji: Je, Mkristo Asherehekee Sikukuu Zenye Asili ya Kipagani?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Donholm. Mume wangu ni mzaliwa wa Murang'a, na kila tarehe 25 Desemba jamaa wote hukutana nyumbani kwa mama mkwe. Asubuhi tunakwenda kanisani, mchana mbuzi anachinjwa, chapati zinapikwa, na watoto wanavaa nguo mpya. Mwaka huu shemeji yangu, ambaye amehamia kanisa jingine, ameandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba yeye na mkewe na watoto wao hawatakuja tena. Anasema Krismasi ni siku ya kuabudu jua, kwamba ndiyo siku aliyozaliwa Nimrodi, na kwamba mti wa Krismasi umekatazwa katika Yeremia 10. Ameongeza kwamba yule mbuzi ni sawa na nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Mama mkwe amehuzunika sana, na mume wangu anataka kumjibu ndugu yake kwa ukali. Je, anayosema ni kweli? Na yakiwa ya kweli, je, Mkristo anaweza kuendelea kuisherehekea siku hiyo? — Mama wa watoto wawili, Donholm

JIBU: Dada yangu, mwambie mume wako azuie mkono wake kwanza, kwa sababu katika ujumbe wa ndugu yake limo jambo moja lenye msingi wa kihistoria, na mtu atakayeyakana yote kwa mkupuo mmoja ataonekana hajui anachokitetea.

Jambo hilo ni tarehe. Injili hazisemi Yesu alizaliwa siku gani wala mwezi gani, na Wakristo wa vizazi vya mwanzo hawakuonekana kujali. Origene wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya 3, aliwabeza hata wale waliosherehekea siku zao wenyewe za kuzaliwa, akikumbusha kwamba katika Maandiko wanaotajwa kufanya karamu ya namna hiyo ni Farao na Herode. Ushahidi ulio wazi wa sikukuu hii tunaupata Roma, katika mkusanyiko wa kalenda na orodha ulioandaliwa mwaka 354, ambao sehemu yake moja wataalamu wanaamini iliandikwa mwaka 336. Humo, kwenye tarehe 25 Desemba, imeandikwa kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Sasa, ukifungua sehemu nyingine ya mkusanyiko huo huo, ile inayoorodhesha sikukuu za serikali, utaikuta tarehe hiyo hiyo imewekewa alama ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, yaani jua, pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi uwanjani. Tunajua pia kwamba Kaisari Aurelian alilizindulia Jua Lisiloshindwa hekalu kubwa mjini Roma mwaka 274. Shemeji yako, basi, hakuota.

Hata hivyo, ipo hatua ambayo wahubiri wa kwenye video huiruka. Hakuna mwandishi hata mmoja wa wakati ule anayesema kwamba Kanisa liliichagua tarehe hiyo kwa sababu ya jua. Maelezo hayo, kwa uwazi wake tunaoujua leo, yanapatikana katika maandishi ya pembeni ya hati ya Kisiria ya karne ya 12, miaka kama 800 baadaye. Kinyume chake, tunao waandishi wa zamani waliokuwa wakipiga hesabu ya namna nyingine kabisa. Tertullian, mwanzoni mwa karne ya 3, aliweka kifo cha Yesu tarehe 25 Machi. Na Augustino, mwanzoni mwa karne ya 5, anaeleza kwamba iliaminiwa Yesu alichukuliwa mimba siku ile ile ya mwezi ambayo baadaye aliteswa. Hesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, utafika 25 Desemba. Huko Mashariki wengine waliweka kifo chake tarehe 6 Aprili, na miezi tisa baadaye ni 6 Januari, siku ambayo Kanisa la Armenia linaadhimisha kuzaliwa kwa Kristo hadi leo. Wanahistoria bado wanabishana. Mimi huiona hesabu ya miezi tisa kuwa na nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani, ingawa sina budi kukiri kwamba kwa Mroma wa kawaida jua lilikuwa jirani sana na kanisa. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwakemea Wakristo ambao, wakiisha kupanda ngazi za Kanisa la Mtakatifu Petro, waligeuka nyuma wakaliinamia jua linalochomoza kabla ya kuingia ndani. Aliwaambia waache. Kisa hicho kina faida kwa pande zote mbili katika ugomvi wenu: kinaonyesha kwamba hatari anayoiogopa shemeji ilikuwapo kweli, na kinaonyesha pia kwamba waliokuwa wakiiadhimisha Krismasi ndio waliokuwa wa kwanza kuipiga vita.

Habari ya Nimrodi haina msingi. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja kama mwindaji hodari na mwenye ufalme uliokuwa na Babeli. Hakitaji siku yake ya kuzaliwa, wala hakuna maandishi ya kale yanayoitaja. Madai haya yanatoka kwa mchungaji wa Scotland aliyeitwa Alexander Hislop, ambaye mwaka 1858 alichapisha kitabu kikubwa cha kulishambulia Kanisa Katoliki, akiunganisha kila desturi aliyoichukia na Babeli ya kale kwa nyuzi ambazo wanahistoria waliozichunguza wamezikuta zimekatika. Nusu ya video zinazozunguka Nairobi kila Desemba ni mabaki ya kitabu hicho, na wanaozisambaza hawajui wanamnukuu nani. Kuhusu Saturnalia, ambayo huenda naye ataitaja, hiyo ilikuwa sikukuu ya Kirumi iliyoanza 17 Desemba na kumalizika 23.

Tufike kwa Yeremia. Sura ya 10 inamzungumzia mtu anayekata mti mwituni, fundi akauchonga kwa shoka, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, ukakazwa kwa misumari ili usitikisike. Ukisoma mistari miwili tu zaidi, utaona kitu hicho hakiwezi kusema wala kutembea, hubebwa, na watu wanaambiwa wasikiogope kwa kuwa hakiwezi kutenda mabaya wala mema. Hiyo ni sanamu ya mungu. Hakuna anayeambiwa asiogope tawi la saiprasi lililonunuliwa kando ya barabara. Miti ya Krismasi tunayoijua ilianza kuonekana katika nchi za Wajerumani na majirani zao. Maelezo mashuhuri ya mwaka 1605 yanasimulia jinsi watu wa Strasbourg walivyosimamisha misonobari sebuleni na kuitundikia mawaridi ya karatasi na matofaa. Yeremia alikuwa amekwisha kuzikwa zaidi ya miaka 2,000.

Lakini tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba shemeji yako yuko sahihi kabisa kuhusu tarehe: kwamba maaskofu wa Roma walikaa wakaiona siku ya jua, wakaitwaa. Je, hilo lingeinajisi sikukuu? Hapa ndipo penye swali lenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana naye zaidi.

Katika Yohana 10:22 tunaambiwa kwamba Yesu alikuwa hekaluni Yerusalemu wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, na ilikuwa wakati wa baridi. Sikukuu hiyo haimo katika Torati ya Musa. Ilianzishwa mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo alipolitakasa hekalu lililokuwa limetiwa unajisi na mfalme Antioko Epifane. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, ambacho hata kama hakimo katika Biblia ya kanisa lako bado ni historia muhimu ya kipindi kile, kinaeleza kwamba wapagani walikuwa wametoa sadaka yao juu ya madhabahu tarehe 25 ya mwezi wa Kisleu, na kwamba Wayahudi waliporudi waliitabaruku madhabahu mpya siku ile ile, tarehe 25 ya Kisleu. Haikuwa sadfa, mwandishi anasisitiza kwamba ilikuwa siku ile ile. Walikuwa na mwaka mzima wa kuchagua, wakaichukua siku iliyochafuliwa, wakamrudishia Mungu. Na Bwana wetu hakuikimbia sikukuu hiyo. Alitembea katika ukumbi wa Sulemani, akafundisha.

Shemeji atakujibu kwa Kumbukumbu la Torati 12, na afanye hivyo, kwa maana ndilo andiko lenye uzito kuliko yote aliyoyataja. Waisraeli wanaonywa wasiulize jinsi mataifa walivyoitumikia miungu yao, ili nao wafanye vivyo hivyo kwa Bwana. Mstari unaofuata unataja mfano: mataifa hayo waliwachoma wana wao na binti zao kwa moto. Katazo hilo linahusu ibada yenyewe na matendo yake, na sioni jinsi ya kulipanua mpaka lifunike kila kitu ambacho mpagani aliwahi kukigusa, kwa kuwa tukilipanua hivyo, litaanza kuwameza Waisraeli wenyewe. Hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mierezi ya Hiramu mfalme wa Tiro, na shaba yake ilifanywa na fundi kutoka huko huko. Na tohara, alama ya agano? Mwombe shemeji arudi nyuma kidogo tu kutoka pale alipoiona habari ya mti, asome Yeremia 9:25-26, ambapo nabii anaitaja Misri na Edomu na Amoni na Moabu pamoja na Yuda miongoni mwa waliotahiriwa. Desturi ile ile ilikuwa kwa mataifa. Maana yake kwa nyumba ya Ibrahimu ikawa nyingine.

Ipo barua moja ya mwaka 601 ambayo ningependa kila Mkristo wa Kenya aijue. Papa Gregori Mkuu alikuwa amewatuma wamonaki kwenda kuwahubiria Waingereza wa kale, na mwanzoni alimwandikia mfalme wa Kent ayabomoe mahekalu ya miungu. Wiki chache baadaye, baada ya kulitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, kama anavyosema mwenyewe, alimwandikia abati Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda huko, akabadilisha agizo: sanamu zivunjwe, lakini majengo yasibomolewe, yanyunyiziwe maji ya baraka na kuwekewa madhabahu. Na kwa kuwa watu hao walikuwa na desturi ya kuwachinjia mashetani ng'ombe wengi, wapewe sikukuu badala yake: siku ya kutabaruku kanisa wajenge vibanda vya matawi kulizunguka, wachinje wanyama wao kwa ajili ya chakula, wamsifu Mungu na kumshukuru kwa kushiba kwao. Ukiisoma barua hiyo utadhani aliyeiandika amewahi kufika Murang'a mwezi wa Desemba.

Nimeileta barua hii kwa sababu inatuhusu kwa namna inayouma. Waingereza walipokuwa wapagani, waliruhusiwa kubaki na ng'ombe wao, vibanda vyao na majengo yao. Wajukuu wa wajukuu wao walipokuja kwetu, ngoma ilikatazwa kanisani, majina ya mababu yakaachwa mlangoni pa ubatizo, na karibu kila lililokuwa letu likaitwa la kishenzi kabla ya kuulizwa lina maana gani. Hata Krismasi yenyewe ina kichekesho chake hapa. Wamisionari kutoka Scotland waliohamia Kikuyu mwaka 1898 walitoka nchi ambayo bunge lake lilikuwa limeifuta likizo ya Krismasi mwaka 1640, na ambako siku hiyo haikuwa ya mapumziko ya umma mpaka mwaka 1958. Huko Massachusetts, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliweka sheria mwaka 1659 ya kumtoza shilingi 5 kila aliyekutwa akiisherehekea, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Hoja ya shemeji yako, kwa hiyo, si uzushi wa juzi, na waliowahi kuishika walikuwa watu wa sala. Kosa ninaloliona ni kwamba wanaoishika leo mara nyingi hutumia mizani mbili: mti wa Mjerumani unachunguzwa mpaka mizizi, lakini keki ya arusi, pete ya ndoa na gauni jeupe vinapita bila kuulizwa, na kwa upande wa pili, wapo wanaoutetea mti wa Mjerumani kwa nguvu zao zote, kisha wakaiona ngoma ya bibi yao kuwa na pepo.

Mizani ninayoipendekeza ni moja kwa vyote. Ulizeni leo jambo hili linafanya nini, na linamtukuza nani. Asili peke yake haitoshi kuhukumu, na pia haitoshi kutetea. Mnamo mwaka 1929 mzozo mkubwa ulizuka katika makanisa ya eneo la Kikuyu kuhusu tohara ya wasichana. Wengi waliondoka misheni, wakaanzisha shule na makanisa yao huru, wakisema desturi hiyo ni ya mababu. Ilikuwa ya mababu kweli. Lakini ilikuwa inawajeruhi wasichana, na jeraha haliponi kwa sababu lina historia. Kenya iliipiga marufuku kabisa kwa sheria ya mwaka 2011. Mikutano ya ruracio, yaani ya mahari kwa Wakikuyu, nayo ni ya mababu, na humo mimi sioni ila familia mbili zikijifunza kuheshimiana, isipokuwa pale wazee wanapogeuza posa kuwa mnada.

Ipimeni Krismasi yenu kwa mizani hiyo. Kama mnachokifanya ni kwenda kanisani, kumlisha mama mzee na kuwakutanisha watoto wa ndugu ambao mwaka mzima hawaonani kwa sababu mmoja yuko Donholm na mwingine Rongai, basi jua halina sehemu hapo. Ikiwa Krismasi ya mtu ni mkopo wa simu wa kununua nguo, nauli iliyopandishwa mara mbili na siku tatu za pombe, halafu Januari inamkuta hana karo, huyo ana jambo la kutubu, na halina uhusiano wowote na Aurelian.

Sasa nije kwa shemeji mwenyewe. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa, na kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe (Warumi 14:5). Agizo hilo linawafunga wote wawili: mume wako asimdharau ndugu yake kwa kukataa kuja, na ndugu yake asiwahukumu ninyi kwa kukutana. Kuhusu mbuzi, amekosea. Mbuzi wa mama mkwe hakutolewa kwa sanamu yoyote. Alichinjwa ili watu wale. Hata ile nyama ya soko la Korintho, ambayo nyingine ilikuwa imetoka hekaluni kweli, Paulo aliruhusu iliwe bila kuuliza-uliza kwa ajili ya dhamiri (1 Wakorintho 10:25). Lakini Paulo huyo huyo alisema mwenye nguvu asimkwaze aliye na shaka, kwa hiyo msimtegee mtego wa kumpakulia nyama halafu mkamcheka.

Ningekuwa mimi, ningemwomba mama mkwe, kwa kuwa neno lake ndilo litakalosikika, amwalike kijana wake siku nyingine ya wiki hiyo, tuseme tarehe 28, bila mti wala nyimbo za Krismasi, na ninyi mkae mkamsubiri. Kama anachokikataa ni siku, atakuja. Asipokuja hata hiyo siku, mtakuwa mmejua kwamba ugomvi una chanzo kingine, pengine shamba, pengine maneno ya zamani, na hapo tafuteni mzee wa kuwasuluhisha badala ya mwalimu wa historia.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Kasarani. Mwenzangu chumbani anasema Pasaka ya makanisa ilitokana na mungu wa kike Ishtar wa Babeli, na ndiyo maana kuna mayai na sungura. Je, ni kweli? — Msomaji, Kasarani

JIBU: Si kweli. Hoja hiyo inategemea jinsi neno la Kiingereza la Pasaka, Easter, linavyosikika kama Ishtar, na Wakristo waliiadhimisha siku hii karne nyingi kabla ya Waingereza kuwa na jina la kuiita. Katika lugha nyingi za Ulaya, kama katika Kiswahili, sikukuu hii inaitwa kwa jina la Pasaka ya Wayahudi iliyoelezwa katika Kutoka 12. Tunajua kwamba karibu mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri mpaka Roma akajadiliana na askofu Aniceto kuhusu siku ya kuiadhimisha, kwa kuwa makanisa ya Asia Ndogo yalifuata tarehe 14 ya mwezi wa Nisani wa Kiyahudi, na Roma ilifuata Jumapili. Hawakukubaliana, lakini walishiriki meza ya Bwana pamoja wakaagana kwa amani. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ndio uliotaka makanisa yote yaiadhimishe siku moja. Katika mabishano yote hayo, anayetajwa ni Musa na ni mwezi, Ishtar hayumo.

Kuhusu Kiingereza, mtawa Beda aliandika mwaka 725 kwamba mababu zake waliuita mwezi wa Aprili kwa jina la mungu wa kike Eostre. Yeye ndiye shahidi pekee wa zamani tuliye naye, na hamhusishi na Babeli, wala mayai, wala sungura. Mayai yana maelezo mepesi zaidi: katika Ulaya ya zama za kati Wakristo walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawafungi. Mfungo ulipoisha, nyumba zilikuwa zimejaa mayai. Sungura ni wa Wajerumani na alionekana katika maandishi karne ya 17. Hapa Nairobi humkuti ila madirishani mwa maduka makubwa, akiwa wa chokoleti, na bei yake peke yake inatosha kumfukuza mtu.

SWALI: Shule ya mtoto wangu, iliyo hapa Kilimani, imetutumia barua kwamba tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, watoto waje wamevaa kama mizimu na wachawi. Mtoto ana miaka sita. Wenzangu katika kundi la wazazi wanasema ni mchezo tu. Baada ya kusoma majibu yako ya miaka iliyopita nadhani utasema nisiwe na wasiwasi, lakini moyo wangu unakataa. — Mzazi, Kilimani

JIBU: Sitasema hivyo, ndugu yangu, ingawa sababu yangu huenda isiwe ile unayoitarajia. Historia ya siku hiyo imechanganyika. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Papa Gregori wa III, aliyeongoza Kanisa kuanzia 731 hadi 741, aliweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote katika Kanisa la Mtakatifu Petro, na karibu mwaka 835, wakati wa Gregori wa IV, siku hiyo ilienezwa katika milki ya Wafaranki. Waayalandi nao walikuwa na Samhain, mwanzo wa majira yao ya baridi, katika siku zizo hizo, na mengi yanayosimuliwa kuihusu yameandikwa na watu walioishi baada ya nchi hiyo kuwa ya Kikristo. Wahamiaji wa Ireland na Scotland walizipeleka desturi zao Marekani, na mtindo wa watoto kuvaa vinyago na kuomba peremende nyumba kwa nyumba ulikomaa huko katika karne ya 20. Kilichofika Kilimani ni hicho cha Marekani, kwa njia ya filamu na maduka.

Kwa hiyo sitakuambia mtoto atakuwa amemwabudu mungu wa Waayalandi wa kale kwa kuvaa shuka jeupe. Mizani niliyompa msomaji wa Donholm ndiyo nitakayotumia hapa: jambo hili linafanya nini leo? Linamfundisha mtoto wa miaka sita kwamba uchawi ni vazi la kupendeza, katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, huko Kisii na huko Pwani. Na linaufanya mzimu kuwa kichekesho mbele ya mtoto mwingine wa darasa hilo hilo ambaye pengine amemzika babu yake mwezi uliopita. Krismasi ilipotwaliwa, ilijazwa kitu: kuna mtoto horini, kuna wachungaji, kuna habari ya kusimulia. Siku hii, kama inavyofanywa shuleni, sijaona imejazwa nini.

Moyo wako, basi, usiunyamazishe, lakini pia usiingie katika kundi la wazazi na aya za laana. Wengi wao wamefuata mkumbo tu, na mwalimu wa darasa huenda alipewa agizo na ofisi. Nenda umwone mwalimu ana kwa ana kabla ya wiki hiyo. Mwombe mwanao asishiriki, na uulize atakuwa wapi saa hizo, ili asiachwe peke yake kwenye kona akijiona ameadhibiwa. Kisha peleka pendekezo kwa ajili ya mwaka ujao: tarehe 20 Oktoba tuna Siku ya Mashujaa, siku 11 tu kabla ya hiyo ya vinyago, na watoto wanaweza kuja shuleni siku ya masomo iliyo karibu nayo wakiwa wamevaa kama Wangari Maathai, Mekatilili wa Menza au Eliud Kipchoge. Kama shule inachotaka ni watoto kuvalia na kupiga picha, watakubali, kwa kuwa picha zitakuwa nzuri zaidi. Na ukijitolea kusaidia kushona mavazi, watakubali upesi.